Ladislaus Byarushengo, Mpiga Obo: Wasifu Usomwe Wote

Baba Paroko, ndugu, majirani wa Albert Park, Watanzania wenzetu wa Durban, na ninyi Wakongo mliotuimbia tangu Jumanne bila kuchoka: wasifu huu umeandikwa na mjane, Verediana, kwa mkono wake, kwenye meza ya jikoni. Unasomwa na Respicius, mdogo wa marehemu, kwa kuwa desturi yetu inataka ndugu wa damu asome. Kamati ya mazishi iliuona jana ikaomba ufupishwe kuanzia katikati. Mjane alikataa. Alisema Respicius atasoma kwa sharti moja, kwamba asome wote, neno kwa neno, hata pale koo litakapomkauka. Asipoweza, akae chini, mjane asome mwenyewe.

Marehemu Ladislaus Byarushengo alizaliwa Jumapili tarehe 27 Juni 1954 huko Kanyigo, Bukoba. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Dominiki Byarushengo, aliyetangulia mbele ya haki, na Mama Matilda, ambaye yu hai, na ambaye leo yuko kibanjani kwake akimlilia mtoto anayezikwa mbali. Babu alikuwa ameshamwandalia jina la ukoo, lakini padre alifungua kalenda ya watakatifu akakuta siku ya Ladislaus, na kwetu neno la kalenda halina rufaa. Alikuwa mtoto mpole, wa kupiga mluzi kutwa. Mama yake alikuwa akimfukuza jikoni, kwa sababu mluzi ndani ya nyumba huita nyoka.

Alianza shule ya msingi Kanyigo mwaka 1962, na mwaka 1969 akaingia seminari ndogo. Huko alikuwako Bruda mmoja Mswisi, fundi wa vinanda, aliyekuwa na sanduku jeusi lenye obo. Kwa wasioijua, obo ni ndugu wa nzumari: bomba la mti mweusi, na pa kutia mdomo huwekwa ulimi, yaani vipande viwili vya tete vilivyochongwa vyembamba kama ganda la kitunguu na kufungwa pamoja kwa uzi. Ulimi ukiwa mbaya, hata malaika hawezi kuipiga. Siku ya kwanza Ladislaus alipopuliza, mbuzi wa seminari waliitikia kutoka bandani, na Gombera, mkuu wa seminari, akatoka ofisini kuuliza ni nani aliyeruhusu kuchinja siku ya Ijumaa. Bruda alicheka hadi akakaa chini. Akamwambia kijana avumilie miaka mitatu, mbuzi watanyamaza. Walinyamaza baada ya miwili.

Upadre haukuwa wito wake. Bruda aliporudi kwao alimwachia ile obo, na mwaka 1975 Ladislaus alijiunga nayo katika bendi ya polisi, Dar es Salaam, akakaa huko miaka kumi na tisa. Penye obo, kabla ya kuanza, wapigaji wote hunyamaza wakangoja obo itoe sauti moja ndefu, ndipo nao wajipange kwa sauti hiyo. Ladislaus alipenda kumkumbusha mkewe kwamba hata wenye nyota mabegani humngoja yeye. Verediana alimjibu kwamba nyumbani anayengojwa ni mwenye kuleta mkaa.

Huyo Verediana alikuwa fundi wa kushona sare za bendi. Ladislaus alimjia akilalamika kwamba koti linambana, kwa maana kifua cha mpiga obo hupanuka. Akapimwa. Wiki iliyofuata akarudi na lalamiko lile lile, akapimwa tena. Mara ya nne fundi alimwambia kifua hakijaongezeka hata nusu inchi, basi aseme anachotaka. Alisema. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Januari 1982, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Irene mwaka 1983 na Dominiki mwaka 1986. Verediana anataka ijulikane kwamba ndoa ile ilikuwa njema. Asiyependwa hawezi kusalitiwa, huudhiwa tu.

Mwezi Novemba 1994 marehemu alikuja Durban, na familia ikamfuata Desemba mwaka uliofuata. Alipata kazi katika duka la kutengeneza vinanda, na okestra ya jiji ikawa inamwita kila palipohitajika obo ya ziada. Walipanga ghorofa ya nne, Albert Park, pale ambapo mtu akisimama kwenye baraza hukiona kilima cha Bluff ng'ambo ya bandari. Kwenye baraza hiyo nguo hazikuanikwa, yalianikwa matete. Kila majira ya baridi Ladislaus alikwenda Queensburgh, nyuma ya karakana anakofanya kazi Respicius, akakata matete yanayoota kando ya mto Umhlatuzana, yale ambayo wenyeji huyachoma kama magugu. Aliyakausha mwaka mzima hadi yawe na rangi ya asali, kisha akayapasua, akayachonga, akafunga ndimi. Mlinzi wa jengo aliuliza kama ni dawa ya kienyeji. Alipoambiwa kwamba ni ya kupulizwa, alisogea mbali zaidi.

Februari 1996 okestra ya jiji ilimleta Mmarekani awe mpiga obo wa kwanza kwa mkataba. Jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu marehemu mwenyewe hakulitaja tena nyumbani kwake baada ya Julai 1997. Alikuwa mtu mchangamfu, mrefu, mwenye kuinama mlangoni, naye alipiga vizuri. Kilichomshinda kilikuwa ulimi. Huko kwao, alieleza mwenyewe, mpiga obo huchonga ndimi zake, na maisha yake nusu ni kupiga, nusu ni kukaa na kisu. Mikono yake ilikuwa mizito kwa kisu. Siku moja alijaribu ulimi wa Ladislaus, akautoa mdomoni, akautazama, akauliza matete haya yanatoka nchi gani. Aliambiwa, panda taxi ya Queensburgh, shuka kwenye robot ya tatu, zile taa za barabarani. Tangu siku ile hakupiga tena ulimi wake mwenyewe, wala Ladislaus hakuuona huo kuwa mzigo. Alisema ni raha kusikia kazi yako ikiimba mdomoni mwa mtu mwingine.

Mmarekani alikuwa akija kula ndizi kwa Verediana kila Jumapili, na mezani alisimulia jinsi watu wanavyopata kazi katika okestra za Marekani. Kiti cha obo, alisema, hakipatikani hadi aliyekikalia astaafu au afe. Kikiwa wazi, tangazo hutoka kwenye gazeti la chama cha wanamuziki, na watu mia na zaidi hukigombea. Kwanza hutuma kanda. Wanaopita kwenye kanda huitwa, hupewa namba, na hupiga nyuma ya pazia. Sakafuni huwekwa zulia, ili hata viatu visiseme kama ni mwanamume au mwanamke. Hakuna anayeuliza jina, rangi wala pasipoti. Husikilizwa tu. Anayeshinda huwekwa kwenye majaribio, pengine miaka miwili na zaidi, kisha wenzake humpigia kura ya kukaa moja kwa moja.

Pazia hilo lilimwingia Ladislaus moyoni kama maji kwenye mchanga. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Maisha yake yote alikuwa mtu wa ziada, obo pekee kwenye bendi ya matarumbeta, mgeni anayeitwa mwingine akiugua. Alimwambia mkewe kwamba hataki Marekani yenyewe, wala theluji yake. Anataka mara moja tu kabla hajafa asikilizwe na watu wanaojua, bila wao kumwona. Verediana alimwelewa. Ndiyo maana yaliyofuata yalimuuma kuliko yalivyomuuma mumewe, au ndivyo alivyodhani.

Januari 1997 okestra moja ya Marekani, ya mji wa katikati ya nchi, ilitangaza viti viwili vya obo kwa pamoja, jambo ambalo Mmarekani alisema huonekana mara moja kwa miaka ishirini. Wakapatana waombe wote wawili. Jumamosi tarehe 8 Machi walirekodi kanda zao katika ukumbi wa parokia, vipande vile vile sita, mmoja baada ya mwingine. Aliyewarekodi ni jirani yetu Juvénal, mwenye duka la simu pale chini, ambaye pia hurekodi kwaya. Mmarekani alikuwa na mafua siku hiyo. Ladislaus alipiga, anasema Juvénal, hadi mama aliyekuwa akifagia ukumbi akaegemea ufagio. Kwa kuwa posta ya huku ni ya kusuasua, Mmarekani alisema atazituma kanda zote mbili kwa dada yake huko kwao, naye azifikishe kwa wakati. Alizichukua mkononi, zikiwa bado hazijaandikwa majina.

Mwezi Mei Mmarekani aliitwa. Ladislaus hakuitwa, wala hakujibiwa. Alisikitika siku mbili, siku ya tatu akakaa na kisu akamchongea rafiki yake ndimi ishirini za kwenda nazo nyuma ya pazia. Mwezi Juni Mmarekani alirudi akiwa mshindi wa kiti cha kwanza. Verediana alimpikia karamu ya kumuaga, ndizi na nyama na samaki aliyeagizwa Bluff asubuhi. Mgeni alikula, akasifu, akaomba aandikiwe namna ya kupika. Tarehe 5 Julai akapanda ndege. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuombi upishi wako kwanza.

Alhamisi tarehe 17 Julai 1997 ilifika bahasha iliyokuja kwa meli, yenye tarehe ya mwezi Mei. Ndani mlikuwa na barua ya adabu iliyosema kwamba kiwango cha mwombaji hakikutosha, na kanda yake inarudishwa. Juu ya kanda palikuwa na jina Ladislaus Byarushengo, kwa taipu. Aliiweka kwenye redio ya jikoni ajue alikosea wapi. Verediana alikuwa akipiga pasi. Haikupita dakika moja akaizima.

"Huyu si mimi," alisema.

Verediana alimwambia mashine hubadilisha sauti, hata yeye hajitambui kwenye simu. Ladislaus aliirudisha nyuma, akaiwasha tena, akanyoosha kidole hewani akingoja.

"Hapo. Kavuta pumzi. Mama Irene, mimi hapo sivuti. Ulimi ni wangu, nimeuchonga mimi, nausikia. Pumzi si yangu."

Walimwita Juvénal apande juu. Alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi. "Papa Ladis, hii iko ya Mzungu," alisema. "Sikiliza, kikohozi yake iko ndani. Nilimwambia tuanze tena, akasema non, ça va, inatosha." Aliulizwa kama bado anayo ile kanda kubwa ya siku ile. Akainamisha kichwa. Alikuwa ameshairekodia kwaya ya Pasaka juu yake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, bila kupamba. Pumzi ya Ladislaus ilivuka bahari ikiwa na jina la mtu mwingine, ikasikilizwa na watu wanaojua, ikapita. Wao wakamwita mwenye jina. Verediana alitaka kuandika barua siku ile ile. Mumewe alimkataza. Alisema bila ushahidi watamwona Mwafrika mwenye wivu, na hata okestra ya hapa itaacha kumwita. Alimwapisha asiandike wala asimwambie mtu, Juvénal naye akaapishwa. Kisha yeye mwenyewe aliweka mkono juu ya sanduku la obo akaapa mbele ya mkewe: "Mimi na yule mtu tumemalizana. Hatapata kwangu hata uzi."

Verediana alimwamini. Aliichana picha ya Mmarekani iliyokuwa ukutani. Na kwa kuwa mumewe hakuonyesha hasira, yeye aliibeba ya wote wawili. Alikwenda kuungama, akamwambia padre kwamba yuko mtu asiyeweza kumsamehe. Padre alimwambia ajitahidi. Alijitahidi, hakuweza, na kwa kuwa si mtu wa kumdanganya Mungu, akaacha kukomunika, yaani kupokea Ekaristi. Kwa miaka miwili na miezi miwili, kila Jumapili, majirani mliokaa naye benchi moja mlimwona akisogeza magoti mpite. Wengine mlisema ana mambo yake. Yalifika masikioni mwake, akanyamaza kwa ajili ya kiapo. Ladislaus alimpita yeye pia kila Jumapili, akaenda mbele, akapokea, akarudi akapiga magoti kando yake.

Mwezi Mei 1998 marehemu alianza kukohoa. Alitibiwa kifua katika hospitali ya serikali, akapata nafuu, akarudiwa. Kufikia Krismasi hakuweza kupuliza obo kwa muda wa Baba Yetu moja. Hapo duka lilimruhusu afanyie kazi nyumbani, naye alikaa barazani na kisu chake, blanketi magotini, akichonga. Mkewe alidhani ndimi zile ni za okestra ya jiji. Alimsifu kwa bidii yake. Alimletea uji na kumwondolea maganda ya tete miguuni.

Wiki ya mwisho, marehemu akiwa wodini, Verediana alimshika mkono akamwambia asihuzunike, Mungu atamlipa yule mtu. Ladislaus aligeuzia uso ukutani. Mkewe alidhani ni maumivu, akamwita nesi. Alifariki Jumanne tarehe 14 Septemba 1999, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Juzi Alhamisi Verediana alifungua saraka ya visu vya marehemu akitafuta rozari ya kumtia mkononi. Alikuta kiboksi kipya kilichofungwa karatasi ya kaki, kikiwa na anwani kwa mwandiko wa mumewe. Anwani ilikuwa ya Mmarekani. Ndani mlikuwa na ndimi kumi na mbili, kila mmoja umelazwa kwenye pamba. Chini ya saraka kulikuwa na barua ishirini na tatu kutoka Marekani, ya kwanza ya Agosti 1997, ya mwisho ya wiki tatu zilizopita. Hakuna hata moja iliyoandikiwa Albert Park. Zote ziliandikiwa karakana moja ya Queensburgh, kupitia kwa Respicius Byarushengo.

Msomaji akitaka kunywa maji, anywe sasa.

Alipoitwa, Respicius alifika akakaa kwenye kiti cha marehemu, akaambiwa ahame. Hakukana. Ni yeye aliyepokea barua, na ni yeye aliyepeleka viboksi posta, kila mwezi, miaka miwili. Katika kipindi hicho hicho alikula nyumbani kwa Verediana kila sikukuu, na mara nyingi alimsikia akimlaani Mmarekani, naye akaitikia.

"Shemeji, kaka aliniapisha," alisema.

"Na mimi aliniapia," Verediana alimjibu. "Kwa hiyo wewe ulipewa kiapo cha kweli, mimi nikapewa cha uongo."

Irene aliwasomea barua, akizitafsiri. Ya kwanza ilikuwa ya kukiri. Mmarekani aliandika kwamba alisikiliza kanda zote mbili kabla ya kuzituma kwa dada yake, akaona yake haifai, na mkono wake ukafanya kilichofanyika. Akasema nyuma ya pazia alishinda mwenyewe, kwa pumzi yake, ila asingefika kwenye pazia bila pumzi ya Ladislaus. Aliomba radhi. Ukurasa wa pili aliomba ndimi. Barua zilizofuata hazikuomba radhi tena, zilikuwa za marafiki. Alitaja ulimi upi uliimba na upi ulikwama. Kila barua ilikuja na programu ya tamasha, karatasi nzuri, yenye majina ya wapigaji.

Pamoja na barua kulikuwa na daftari la marehemu. Kila ulimi una namba yake. "Na. 87, laini mno, autumie mazoezini." "Na. 112, Jumamosi 14 Februari 1998, ukumbi umejaa, tumepiga vizuri." Kurasa nyingi ni hivyo hivyo: tumepiga, tumeteleza kidogo, tumeshangiliwa wakasimama. Ladislaus alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti chake cha Marekani, barazani Albert Park, na hakumkaribisha mkewe hata siku moja.

Verediana anataka jambo hili lieleweke kwenu, kwa kuwa wengine wataondoka hapa wakisema mjane amekasirika kwa sababu mumewe alikuwa na moyo wa kusamehe. Hapana. Kusamehe ni haki yake, aliyeibiwa ni yeye. Lakini alisamehe akiwa peke yake, akamwachia mkewe chuki aibebe peke yake. Neno moja tu, hata jikoni, hata kwa kunong'ona, lingemrudisha mezani pa Bwana. Badala yake alimpita kwenye benchi Jumapili mia moja na kumi, akijua. Mmarekani aliiba kanda moja. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Verediana ndiye aliyekuwa akizifua nguo hizo.

Barua ya mwisho, ya tarehe 26 Agosti, inasema majaribio yanaisha, wenzake watapiga kura mwezi Novemba. Amebakiwa na ndimi mbili nzima. Ameandika kwamba hakuna achongaye kama Ladislaus, na kwamba anangoja kiboksi kwa hamu. Hajui kwamba amekufa. Respicius aliuliza, kwa sauti ya chini, kama shemeji angependa kiboksi kile kiende, kwa kuwa kilikuwa kazi ya mwisho ya kaka. Verediana alizitoa ndimi zote kumi na mbili, na jana mochwari alizitia mwenyewe kwenye mfuko wa ndani wa koti la marehemu, koti alilolishona yeye. Zitazikwa pamoja na aliyezichonga.

Kiboksi hakikutupwa. Anwani bado iko juu yake, kwa mwandiko ule ule ambao mwenye kukipokea anaufahamu. Irene ameutafsiri wasifu huu kwa Kiingereza, na programu ya leo imekunjwa pamoja na tafsiri yake juu ya ile pamba. Jumatatu asubuhi Respicius atakipeleka posta, kama alivyozoea. Mmarekani alimletea Ladislaus programu ishirini na tatu. Hii ni ya kwetu, na jina lililo juu yake ni moja tu.

Marehemu ameacha mama mzazi, Matilda, huko Kanyigo, mjane, Verediana, watoto wawili, Irene na Dominiki, ndugu watano walio hai, akiwamo Respicius aliyesoma hadi hapa, na jirani Juvénal, aliyetunza kiapo alichopewa na ambaye leo amefunguliwa. Hakuacha deni la kiapo kwa mtu mwingine yeyote. Yule aliyemkosea alikwisha msamehe. Mkewe naye ana mtu wa kumsamehe, naye amelala hapa mbele yetu, na mjane anaomba apewe muda.

Ladislaus apumzike kwa amani huku akisubiri.